Sauti ya Pili

Bendi ilikuwa imezeeka, na wote walijua santuri hii kubwa ndiyo ya mwisho. Walirekodi katika ukumbi mmoja wa Ipogolo, madirisha yamezibwa kwa mablanketi kuzuia ngurumo za malori yaendayo Zambia.

Lea alikuja kuusikiliza tu wimbo aliouacha marehemu mumewe. Ilipofika zamu ya sauti ya pili, aliyokuwa akiiimba mumewe, pakabaki pengo. Midomo ya Lea ikacheza yenyewe.

Kiongozi wa bendi akalinyamazisha gitaa. "Shemeji, kumbe unaijua."

"Alikuwa anaifanyia mazoezi jikoni kwangu. Ningekosaje kuijua?"

"Basi njoo uimbe. Bila sauti hiyo, wimbo wake tunauacha."

"Mimi mwanakwaya, shemeji. Wazee wa usharika wakinisikia kwenye dansi, watanitenga na Meza ya Bwana."

"Kwani sauti ya pili nani huisikiliza?"

Lea akacheka bila kupenda, maana utani huo ulikuwa wa marehemu mwenyewe. Akavua kandambili zisilie sakafuni, akaenda kusimama mahali pa mumewe. Kipaza sauti kilimpita utosi.

"Kishusheni," akasema. "Yeye alikuwa mrefu."