Mfalme Kichwa Chini

Nilipokata uzi uliooza ndipo nikaona: kurasa kumi na sita za kitabu cha historia ya kale nilicholetewa nikishone upya, pamoja na picha ya mfalme, zilishonwa kichwa chini. Na ndani ya jalada ulikuwepo muhuri wa baba, fundi wa kushona vitabu aliyejigamba hadi kaburini kwamba mkono wake haukuwahi kukosea.

Nilicheka, kisha nikaona haya. Nikazigeuza upesi, nikashika sindano nimsitiri mzee wangu.

Mwenye kitabu, mwalimu mstaafu, akaingia.

"Hebu ngoja, binti yangu. Mbona mfalme amesimama?"

"Nimemrekebisha, mwalimu."

"Umeniharibia! Miaka thelathini, nikifika hapo nawaonyesha mfalme kapinduliwa kichwa chini, darasa zima linaamka kwa kicheko. Mengine yote wamesahau. Kuanguka kwa mfalme huyo, hata waliozeeka wanakusimulia."

Sindano ilikuwa imeshaingia tundu la kwanza, kando ya alama ya kidole gumba cha baba iliyokaukia kwenye gundi.

Nikaichomoa. Nikampindua mfalme, kichwa chini miguu juu, nikamshona kwa uzi maradufu, asije akainuka tena.