Aliyelala Getini

Tangu asubuhi ya Ijumaa Kuu, Aling Pacing alikuwa amekaa getini akimsubiri mtu aliyemuua mwanawe.

"Mama, ingia ndani," Rowena, bintiye, alimsihi. "Jua litakuua."

"Na liniue. Miaka yote nimemchungulia dirishani kama mwizi. Leo nataka kumwona."

Barabarani wenye nadhiri ya toba walikuwa wanapita, vifua wazi, nyuso zimefunikwa kwa vitambaa vyeusi, wakijichapa migongo kwa mijeledi ya vipande vya mianzi. Damu ilirukia kuta za watu. Yule mfupi alikuwa Tino muuza barafu. Kila mtu alijua, ila hakuna aliyemtaja. Nadhiri ile aliachiwa na babake, naye babake aliachiwa na babu. Kufunua uso wa mwenye nadhiri ni mwiko hata kwa mlevi.

Wengine hulala kifudifudi mbele ya vikanisa. Mmoja tu hulala mbele ya geti la Pacing, mikono ameitandaza vumbini, akikohoa chini ya kitambaa, kikohozi kibaya cha kifuani. Alianza kuja Pasaka iliyofuata baada ya lori kumgonga mwanawe Dindo na kutokomea. Pacing hakuhitaji polisi wa kumfafanulia.

Padri alimwambia ayaunganishe maumivu yake na ya Bwana msalabani.

"Mungu alimpoteza mwanawe Ijumaa, Jumapili akampata," Pacing alimjibu. "Wangu yuko wapi, Padri?"

Kilichomfariji mama huyo kidogo ni harusi iliyokaribia ya Rowena na Arnel, kijana wa ng'ambo ya mto, aliyewatengenezea paa bila kuombwa na ambaye alishaanza kumwita Mama. Babake Arnel alikuwa mfugaji wa bata. Pacing hakuwahi kumtia machoni. Kila alipoalikwa, mzee alituma bata wawili na udhuru, mpaka akafa Januari.

Jana Arnel alikuja na pini nyeusi ya msiba kifuani. Aliandaliwa viazi na ndizi za tui, akala vijiko viwili vitatu akasukuma bakuli.

"Kesho msinitazamie, Mama. Kuna kazi ya Baba nimeachiwa."

"Nenda, mwanangu. Bata hawajui sikukuu."

Sasa Rowena alimshika mamake mkono. "Huyo anakuja."

Alikuja, mgongo mzima umelowa damu, akalala palepale pa siku zote. Mjeledi akauweka kando. Pacing alitega sikio.

Hakukohoa. Alivuta pumzi safi, pumzi za mtu mzima wa afya.

Kumbe amepona! Dindo yuko kaburini, na huyu, Mungu amemponya kifua! Hasira ilimpanda Pacing mpaka akaona giza. Aliuokota mjeledi akampiga. Akapiga tena, akalia, akatukana, akapiga mpaka Rowena akamkamata kiuno.

"Mama, inatosha! Utamuua!"

"Mbona yeye hakuniuliza kama inatosha?"

Mtu yule hakujikunyata wala hakutoa sauti. Ukimya huo ulimuuma Pacing kuliko kikohozi cha miaka yote. Alijichomoa mikononi mwa bintiye, akapiga magoti kwenye vumbi lililolowa damu.

"Nione huo uso," alisema. "Nife nikiujua."

Majirani walifanya ishara ya msalaba. Mmoja akapaza sauti, "Aling Pacing, usifanye hivyo!" Lakini kitambaa alikuwa ameshakivuta.

Aliyepiga yowe alikuwa Rowena.

"Baba hawezi kuja tena, Mama," Arnel alisema, midomo imejaa vumbi. "Endelea tu."