Kwa Bi Mwanamkuu Hafi Mtu

Siku hizi tamthilia ukiimaliza hufutika papo hapo, na watu wake huwaoni tena maishani. Ndiyo maana Bi Mwanamkuu hakuwahi kumaliza hata moja. Kila mgeni alionyeshwa kwenye kioo cha runinga ukutani tamthilia arobaini na tatu, kila moja imebaki sehemu moja tu iishe.

"Wote wazima!" alijigamba, akimimina chai ya tangawizi. "Kwangu hafi mtu."

Jumamosi bintiye, Hadia, aliingia macho yamemvimba.

"Mama, baba anakuulizia tangu Jumatano. Daktari anasema hafiki kesho. Twende hospitali, ukamuage."

Bi Mwanamkuu alipangusa kioo kwa upindo wa kanga, taratibu, kisha akatabasamu kifua mbele.

"Siendi, mwanangu. Sasa ni arobaini na nne."