Wasimamizi wa Bwawa

Hivi nyie, mnyama asiyejua kuziba hata tundu la panya anataka ruhusa ya kufuta kazi za wenzake ili iweje?

Kakakuona alijiuliza hivyo kila siku. Yeye ndiye aliyepanga kazi za bwawa kwenye kompyuta, kwa makundi: wachimbaji waone kazi zao, wasimamizi peke yao waongeze na kufuta. Batamzinga akaja juu.

"Mimi na heshima zangu zote, niwekwe kundi moja na Fuko?"

Wengine wakadakia. Kwa kuchoshwa na kelele, Kakakuona akawafanya wote wasimamizi.

Wiki haijaisha, kazi ya Fuko ya kuziba ufa ikafutwa. Fuko hakuona kazi yoyote, akalala zake. Bwawa likapasuka, na maji ya kunywa ya kiangazi kizima yakaondoka. Kompyuta iliandika tu kwamba aliyefuta ni msimamizi.

"Ni nani?" Kakakuona akafoka.

"Mie mtazamaji tu, dada," alisema Nyani.

"Hata hicho kitufe sikijui," akasema Batamzinga.

Kakakuona akashusha pumzi. "Sawa. Nawarudisha wote kwa wachimbaji, mkabebe udongo. Aliyefuta tu ndiye atakayebaki msimamizi. Angalau huyo anajua kuutumia mtambo."

Batamzinga akautazama udongo, akawatazama wenzake, shingo ikamvimba.

"Basi ni mimi," akasema. "Kwenye orodha, jina la Fuko lilikuwa juu ya langu."