Pedali ya Mafuta

Philemoni alikirudisha tena kishikizo cha injini, akakiweka juu ya meza ya vyuma, akasema hakijakaa sawa.

Fundi Elinami alikichukua, akakipima, akakipima tena. Kilikuwa sawa kabisa, lakini hakubishana. Tangu biashara ifunguliwe na injini za mitumba kuanza kuingia Arusha kutoka Dubai, karakana yake ya kukereza vyuma pale Lemara ilikuwa haiishi wateja wenye haraka, na aliyewazidi wote ni kijana huyu.

Gari lenyewe lilikuwa Datsun ya zamani ya michezo, milango miwili, pua ndefu. Ililetwa ikivutwa kwa kamba, haina injini. Philemoni alikuwa amenunua injini ya Toyota, kubwa na kali, na hakuna kitu katika viwili hivyo kilichokubali kuoana. Ikabidi Elinami atengeneze kila kiungo kwa mkono: vishikizo, bamba la kuunganisha injini na gia boksi, hata propela shafti akaikata na kuiunga upya. Jumamosi kulikuwa na mashindano kutoka Usa River kupanda Momela, barabara ya vumbi na kona tupu, na mji mzima ulishajua kwamba Datsun itakuwepo.

"Itakuwa tayari kweli?" Philemoni aliuliza. Hakuwa mtu wa kukaa. Alilizunguka gari, akagusa tairi, akatoka nje, akarudi.

"Itakuwa tayari."

"Na ikigoma?"

"Haitagoma. Kazi yangu unaijua."

Philemoni aliitikia kwa kichwa, akatoka nje tena. Wenzake walipita na pikapu, wakampigia kelele kwamba safari hii kombe linarudi kwao. Alicheka kwa sauti, akawapungia mkono mpaka walipopotea.

Siku ya Alhamisi alikuja mama yake. Alikuwa na duka la vitenge karibu na soko, na hajawahi kukanyaga karakana ile.

"Shikamoo, mama," Elinami alisema, akimfutia kigoda.

"Marahaba, baba." Hakukaa. Alilitazama gari kwa mbali. "Hii ilikuwa ya Hans."

Elinami alijua. Nani asiyejua? Hans alikuwa kifungua mimba wa mama huyu, bingwa wa njia ile ya Momela, mpaka mwaka juzi gari jingine alilokuwa akiliendesha lilipomshinda kwenye kona na kuingia naye korongoni.

"Mpaka leo naitwa Mama Hans," alisema yule mama. "Amebaki huyu mmoja."

"Mwambie asiende, mama."

"Wameshamkalisha kwenye kiti cha kaka yake. Akishuka mwenyewe watamcheka mpaka azeeke." Akashusha sauti. "Kuna kile kimkono cha kwenye kabureta, kinachovutwa na waya wa pedali ya mafuta. Nasikia bado hujakitengeneza. Kitengeneze kirefu."

Elinami alimtazama. Kimkono kikiwa kirefu, pedali ingefika sakafuni huku kabureta imefunguka nusu tu. Gari lingekwenda, ila lisingeruka. Lilikuwa ombi la mtu anayejua magari, si la muuza vitenge. Akadhani alijifunza kwa marehemu.

"Na akigundua?"

"Sema ni mimi."

Alipoondoka, Elinami alikereza kimkono cha kipimo halali, akakitundika kwenye msumari. Alitembea hadi barabarani, akarudi, akawasha mashine, akaizima. Maisha yake yote hajawahi kumpa mteja chuma kibovu kwa kujua. Alijaribu kufikiria heshima yake, lakini kila akifumba macho alimwona yule mama amesimama mbali na gari kama mtu anayeogopa mbwa. Mwishowe akachukua kipande kingine cha chuma, akakikata kirefu.

Ijumaa Philemoni aliketi kwenye usukani, akakanyaga. Gari likiwa limesimama, injini ilinguruma vizuri tu. Upungufu ungejulikana mlimani.

"Pedali imefika mwisho?" aliuliza.

"Imefika."

Kijana alimwangalia kidogo. Elinami akainama kuokota spana ambayo hakuihitaji.

Jumamosi hakwenda Momela. Alifagia karakana, akaifagia tena. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimfanya achungulie mlangoni. Jioni habari zikafika: Datsun imepitwa kwenye kila mlima, imemaliza ya mwisho, na watu wameipigia vigelegele kama gari la maharusi. Dereva ni mzima. Ila mji wote unasema fundi wa Lemara amemharibia mtu gari.

Jumatatu wateja wawili walikuja kuchukua vyuma vyao bila kueleza sababu. Kisha akaja Philemoni, peke yake, kwa miguu. Elinami alizima mashine. Maneno alikuwa ameyapanga tangu alfajiri.

"Philemoni, kile kimkono cha kabureta..."

"Nakijua."

Elinami alisubiri tusi, hata ngumi. Philemoni alivuta kigoda, akakaa, akanyoosha miguu. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani.

"Nimepita kuwaambia watu kosa ni langu, nilinunua injini iliyochoka," alisema. "Hata hao waliochukua vyuma vyao, watarudi."

"Kwa nini useme hivyo?"

Philemoni aliangalia chini.

"Nisamehe, fundi. Ningekuja kukuomba mwenyewe, lakini niliona haya. Ndiyo maana nikamtuma mama."