Simu ya Saa Mbili

Faridah alikuwa akipima wali wa mdogo wake kwenye mizani ya jikoni, kama afanyavyo kila jioni akitoka kazini, Harun aliposema bila kuinua macho, "Kocha kapiga."

Kijiko kilimponyoka. "Kocha gani?"

"Wa Marekani. Kapiga kwenye simu ya mama. Mama kasema atanipigia mimi kesho, saa mbili usiku."

Jikoni humo humo mama yao, Bi Riziki, alikuwa anakoroga mchuzi wa samaki. Mwiko ulisimama. Alimtazama Harun, akafungua mdomo, kisha akaendelea kukoroga.

Faridah alikuwa ameshamkumbatia mdogo wake, akicheka na kulia. Mwaka mzima alikuwa akiwaandikia makocha wa riadha wa vyuo vya Marekani, na wengi hawakujibu. Alimpiga Harun video akikimbia mtaa wa Al Thumama alfajiri, kabla jua la Doha halijakuwa kali. Alituma matokeo yake ya mitihani. Alimkataza chipsi, soda na kulala mchana. Ada ya chuo baba yao hakuiweza. Alikuwa dereva wa kampuni, na mara nyingi zamu zake zilimweka mji wa Lusail mpaka usiku. Njia ya kupata ufadhili ilikuwa moja tu, miguu ya Harun.

Usiku ule alimkalisha kitandani, wakafanya mazoezi ya mahojiano.

"Akikuuliza unapenda nini kuliko vyote, unasema mbio."

"Na kama sipendi?"

"Acha utani, Harun. Sema tena, kwa sauti."

Harun akasema tena, kwa sauti.

Kesho yake, baada ya Isha, sebule ilijaa. Cornelius, Mkenya mlinzi wa jengo, aliyemshikia Harun saa katika mazoezi yote, alikuja na sare yake ya kazi na chupa kubwa ya soda. Harun alikaa katikati ya kochi, shati limepigwa pasi, dada upande huu, Cornelius upande ule. Simu yake iliegemezwa kwenye chupa ya chai mbele yake. Hakukuwa na nafasi hata ya kunyoosha mguu.

"Marekani!" Cornelius alimpiga begani. "Ukifika huko usijifanye hutujui, bana. Sisi ndio tulikula vumbi na wewe."

Harun alitabasamu kwa midomo tu.

Saa mbili ikafika. Ikapita. Kiyoyozi kilinguruma. Soda haikufunguliwa.

"Wazungu huwa hawachelewi," Cornelius alisema polepole.

Faridah alifungua barua pepe kwenye simu yake, ambayo mchana kutwa ilikuwa imefungiwa kabatini kwenye hoteli anakofanya kazi, maana wahudumu wa mapokezi hawaruhusiwi kuwa na simu. Aliisoma mara mbili. Kocha alikuwa ameandika kwamba alipiga saa nane mchana kwa saa za Doha, kama alivyoahidi. Alipiga tena. Hakuna aliyepokea. Nafasi ilikuwa moja, na kesho angempa mwingine, labda kama wana sababu ya kumweleza.

"Saa nane," Faridah alisema. Kisha akageuka. "Mama! Alikwambia *tuu okloki*, sivyo? *Tuu okloki* ni saa nane! Wewe ukasikia mbili, ukasema saa mbili!"

"Ai, Mama Faridah," Cornelius alinong'ona. "Umetumaliza."

Bi Riziki alisimama mlangoni mwa jikoni, akipangusa mikono kwenye kanga. Alimtazama Harun. Harun alikuwa anatazama zulia.

"Nilikosea, mwanangu," alisema.

"Miaka yote hii Doha, mama, na saa za Kizungu bado zinakushinda?"

Cornelius aliinamisha kichwa, akaanza kuchezea kifuniko cha soda.

Faridah alitembea kutoka dirishani mpaka mlangoni, akarudi. Ndipo wazo likamjia. Makocha wale wanapenda familia. Alikuwa ameliona hilo katika kila video yao. Mama amwombe radhi mwenyewe, kwa sauti yake. Kocha akimsikia mama mtu mzima akisema amechanganya saa, hawezi kukataa.

Akamfundisha sentensi tatu za Kiingereza. Bi Riziki alizirudia moja moja kama mtoto wa madrasa, ulimi ukimtatiza, Faridah akimkatiza na kumrekebisha. Mimi ni mama yake Harun. Kosa ni langu. Naomba umsamehe mwanangu. Mara ya nne zilitoka vizuri, zikarekodiwa. Harun alikuwa amefumba macho.

"Haya, Harun, zamu yako," Faridah alisema, uso wake umechangamka tena. "Mwambie unataka kwenda. Sentensi moja tu, halafu natuma zote mbili."

Bi Riziki aliichukua simu mkononi mwa bintiye, akaenda kupiga magoti mbele ya kochi. Hakumpa Harun simu. Aliishika tu, kwa mikono miwili.

"Mchana nilifungua mlango nikatupe taka, baba," alimwambia. "Nikakuona umekaa kwenye ngazi. Simu inalia mkononi mwako, wewe unaitazama. Ikanyamaza. Ikalia tena. Nikarudi ndani, nikafunga mlango polepole ili usinisikie."

Faridah alikaa chini, kwenye zulia.

"Mama hakukosea," Harun alisema. Kisha akamgeukia dada yake. "Aliniambia saa nane. Mimi ndiye niliyekwambia saa mbili. Dada, sitaki kukimbia."