Jicho la Kupimia

Kila asubuhi, umande ukishakauka, Deodatus alitandaza kahawa yake kwenye turubai mbele ya nyumba, akashika reki na kuigeuza taratibu, mstari kwa mstari. Jumatatu moja reki ilimganda mkononi. Ng'ambo ya njia, kwenye kibaraza cha jirani yake Adelgunda, Benitha, binti wa mama huyo, alikuwa akimtazama moja kwa moja, akafumba jicho moja.

Deodatus aligeuka kuona kama nyuma yake kuna mtu. Kulikuwa na mbuzi.

Jumanne akafumbiwa tena. Jumatano alitoka kugeuza kahawa akiwa amevaa shati la kanisani. Wiki ya pili ilipokwisha, hapakuwa na kahawa iliyogeuzwa kama yake kijijini Nyakakika kote.

Jambo lenyewe lilikuwa na haraka. Prudensia, shangazi aliyemlea, alikuwa amemtafutia mchumba huko Rugera, na Alhamisi iliyofuata ndiyo siku ya kwenda kumtazama. Deodatus hakuwa na hoja ya kukataa, ila jicho hilo tu.

"Shangazi, safari isubiri kwanza," alisema. "Benitha ananikonyeza."

"Benitha gani? Huyu wa chuo cha ualimu, anayesalimia watu akiangalia vidole vya miguu?"

"Huyohuyo. Kuna siku anafumba jicho la upande wa jikoni kwao, kuna siku la upande wa migombani."

Prudensia alifikiri. "Basi anakupenda kwa macho yote mawili," alisema. Akakaza kitenge kiunoni, akavuka njia saa ileile, Deodatus nyuma yake.

Adelgunda aliwakaribisha, akawaletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Prudensia alitia punje mbili mdomoni, akazunguka kwanza: migomba, mvua, afya ya mbuzi. Kisha akatua.

"Dada, mtoto wako anamkonyeza mtoto wangu. Nimekuja kujua kama ni kwa nia njema."

Benitha aliitwa. Alisimama mlangoni, daftari kalibana kifuani.

"Siku hizi unakonyeza watu?" mama yake aliuliza.

"Ninachora, mama." Sauti ilitoka nyembamba kama uzi. "Najifunza kwenye simu, wakati nasubiri ajira. Ukitaka kupima kitu cha mbali, unanyoosha mkono wenye penseli, unafumba jicho la kushoto, unaangalia nyumba ina urefu wa penseli ngapi."

"La kushoto tu?" aliuliza Prudensia, ambaye hakupenda kuona ushahidi wake ukipotea.

"La kushoto tu, shangazi. Ukibadilisha jicho, nyumba inahama."

Prudensia akaomba penseli. Alifumba la kushoto, akampima Adelgunda. Akafumba la kulia. "Kweli," alisema, "umehama." Adelgunda naye akataka kujaribu. Wanawake wawili wazima wakakaa wakifumbiana macho juu ya kikapu cha kahawa, huku Deodatus akitamani ardhi ipasuke immeze.

Daftari likafunguliwa. Nyumba yake ilikuwemo, bati kwa bati. Turubai lilikuwemo, na mbuzi pia, na ndevu zake zote, vyote vimepitishiwa wino mweusi. Katikati alisimama mtu mwenye reki, wa penseli tupu, amefutwa na kuchorwa upya mpaka karatasi imechakaa.

"Na huyu mbona hujampitishia wino?" aliuliza Adelgunda.

"Wino haufutiki, mama."

"Hatulii huyu," Prudensia alimtetea binti, akimtazama Deodatus kwa lawama. "Hata mbuzi ametulia kuliko yeye."

Walicheka hadi machozi, wote isipokuwa wawili. Kufikia jioni habari ilikuwa imeshafika dukani, na wanaume waliokaa pale wakamsalimia Deodatus kwa jicho moja. Hoja yake ya kukataa safari ikawa imekwisha. Rugera ikabaki palepale, Alhamisi.

Asubuhi hiyo alivaa tena shati la kanisani. Pikipiki ilikuwa ikinguruma barabarani, na Prudensia tayari ameshapanda, kikapu cha zawadi mapajani. Deodatus aliinama kuigeuza kahawa mara ya mwisho, kwa mazoea tu. Alipoinua kichwa, Benitha alikuwa amevuka njia. Alisimama ukingoni mwa turubai, bila daftari, bila penseli.

"Nisamehe," Deodatus alitangulia kusema. "Nilikuaibisha bure mbele ya mama yako. Sikujua mambo ya kupima."

Benitha aliinamia kahawa, akairudisha punje moja iliyotoka nje ya turubai.

"Deo, twende, mafuta yanaungua!" shangazi aliita.

"Unakwenda Rugera?" aliuliza Benitha.

"Ndiyo. Shangazi ameshatoa ahadi."

"Zile siku nilizofumba jicho la kushoto," Benitha alisema, bado akiongea na kahawa, "nilikuwa napima nyumba."

"Najua. Ulishatueleza."

Benitha, kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka chuoni, akainua uso na kumtazama kwa macho yote mawili.

"La kulia nilikuwa nakukonyeza."